Pembe za mistari sambamba: jina halisemi ukubwa

"Pembe mbadala ni sawa." Mwanafunzi wa twisheni hapa Moshi hukujibu hivyo hata kabla hujamaliza swali. Nimelisikia jibu hilo kwa darasa la saba, nikalisikia tena kidato cha pili, na kila mara namuuliza: ni sawa kama mistari ikoje?

Kosa kubwa liko hapo. Chora mistari miwili yoyote, hata iliyokaa ovyo, halafu uikate kwa mstari wa tatu. Tayari una pembe nane, na pembe mbadala zimo: zote za ndani, moja kwenye kila makutano, kila moja upande wake wa ule mstari unaokata. Jina linakuambia pembe zinakaa wapi, basi. Usawa unaletwa na usambamba. Mistari isipokuwa sambamba, pembe hizo zitaendelea kuitwa mbadala lakini hazitalingana. Ndiyo maana ile herufi Z wanayofundishwa kuitafuta inawaponza watoto wengi, kwa sababu hata mistari inayoachana inachora Z. Tafuta kwanza vile vimshale juu ya mistari, au neno "sambamba" kwenye swali. Usipoviona, usiandike kwamba pembe ni sawa. Ila ukipewa kwamba pembe mbadala zinalingana, hapo una haki ya kusema mistari ni sambamba. Njia hii ya kurudi nyuma wengi hawaikumbuki kabisa.

Wengine huniambia, "Mwalimu, mbona inaonekana sambamba?" Hao nawapeleka relini. Reli iliyotoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911 ina nafasi ya mita 1 kati ya vyuma vyake viwili. Ukisimama katikati ukatazama mbali, vyuma vinaonekana kukutana. Jicho ndilo linalotudanganya. Mita 1 ni ile ile. Sasa chukua taruma moja liwe mstari unaokata. Pembe mbili za ndani za upande mmoja ni nyuzi 90 na 90, jumla 180. Tuseme chuma kimoja kimeinamia mwenzake kwa nyuzi 1 tu, pembe ikawa 89. Ukichuchumaa pale kwenye taruma huoni kasoro yoyote, lakini vyuma hivyo vingegongana baada ya mita 57 hivi. Euclid wa Alexandria, miaka kama 300 kabla ya Kristo, aliliweka jambo hili kuwa msingi wa jiometri yake: jumla ya pembe hizo mbili ikipungua nyuzi 180, mistari itakutana upande huo.

Hapo hapo kuna kosa jingine: kudhani pembe za ndani za upande mmoja zinalingana. Mistari ikiwa sambamba, zinajumlika kuwa 180. Moja ikiwa 70, mwenzake ni 110. Zinalingana pale tu kila moja inapokuwa 90.

Kuna pia dhana kwamba mistari sambamba lazima ilale kama mistari ya daftari. Ukizungusha mchoro kidogo, mtoto anapotea. Juzi Majengo nilimtazama fundi akikata bati za kona ya paa. Migongo ya bati ilisimama wima, mstari wa kukata ulikwenda mshazari. Alipima pembe kwenye mgongo wa kwanza, akakata kipande cha boksi kwa pembe hiyo, kisha akawa anakihamisha kutoka mgongo hadi mgongo akiweka alama, hakupima tena. Pembe zilizokaa mahali pamoja kwenye kila makutano zinalingana kwa kuwa migongo ni sambamba. Fundi alikuwa anaitumia kanuni hiyo kwa mkono.

Na hizo pembe nane hazina vipimo vinane. Mistari ikiwa sambamba, vipimo ni viwili tu: moja ikiwa 65, nne ni 65 na nne ni 115. Mstari ukikata kwa nyuzi 90, zote nane ni 90.