"Historic" na "historical": lipi useme wapi

Kijana mmoja wa hapa Goma aliniletea ripoti yake ya Kiingereza niipitie kabla hajaituma. Ilihusu Nyiragongo, mlima wa volkeno ulio karibu na mji wetu. Alipotaka kusema kwamba amekusanya takwimu za miaka iliyopita, aliandika "historic data". Nikalizungushia duara. Akashangaa: "Mwalimu, si ndiyo historique?"

Ndiyo, na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Kifaransa kina historique moja, Kiswahili tunasema "ya kihistoria", na maana zote mbili zinaingia humo. Kiingereza kimezigawa.

"Historical" ni chochote kinachohusu zamani: barua kuukuu, ramani ya enzi ya Wabelgiji, hesabu ya mvua ya mwaka 1960. Hata kiwe kidogo namna gani. "Historic" ni sifa ya kitu kizito, kilichogeuza mambo hata watu wakakiweka moyoni.

Tuuchukue mlima wenyewe. Nyiragongo ulilipuka mwaka 1977, 2002 na 2021. Kwa wataalamu wa volkeno milipuko yote mitatu ni "historical", maana watu waliishuhudia na kuiandika. Lakini tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikashuka hadi Ziwa Kivu. Huo ni "historic" pia, na anayejenga ukuta wake kwa mawe yale meusi anajua kwa nini.

Tena jambo halihitaji kuzeeka ili liitwe "historic". TP Mazembe ya Lubumbashi ilipoingia fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu mwaka 2010, klabu ya kwanza ya Afrika kufika huko, ushindi ule ulikuwa "historic" usiku uleule.

Zamani Waingereza wenyewe walizichanganya, na wanasarufi wao bado husema "historic present" na "historical present" kwa kitu kimoja: wakati uliopo unaotumika kusimulia yaliyopita. Hata hivyo, kwenye ripoti ya kazi mimi silegezi: msomaji akiona "historic data" atatafuta takwimu za ajabu, asizione.

Ukurasa wa tatu kijana alikuwa ameandika "the historical eruption of 2002". Si kosa. Nikamuuliza tu alitaka kusema nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Nyumba ya wazazi wangu iko chini ya ile lava." Akachukua kalamu, akafuta herufi mbili za mwisho.