Maziwa ya dumu: kuchemsha kunaua nini, na kunaacha nini?

Maziwa mengi yanayonywewa Mwanza mjini hayapiti kiwandani. Yanakamuliwa alfajiri huko Kisesa, Usagara au Misungwi, yanapakiwa kwenye madumu nyuma ya baiskeli au bodaboda, na asubuhi yako mlangoni kwako Igoma au Buzuruga.

Ng'ombe wangu ni mzima na amenenepa. Maziwa yake yana shida gani?

Ng'ombe mwenye brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba, anaweza kuonekana mzima kabisa. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hukaa kimya muda mrefu. Vimelea vya magonjwa yote mawili hutoka na maziwa.

Hata ng'ombe asiye na ugonjwa, maziwa yake huchafuka njiani: kinyesi kilichokauka kwenye chuchu, mikono ya mkamuaji, ndoo iliyosuuzwa kwa maji ya ziwa, halafu dumu lililokuwa na mafuta ya kula. Mimi dumu ndilo ninalolilaumu zaidi. Shingo yake ni nyembamba, mkono hauingii kusugua, na utando wa maziwa ya jana unayangoja ya leo. Maziwa yakiwa bado na uvuguvugu wa kiwele, bakteria wa kinyesi kama E. koli wanaweza kugawanyika kila dakika 20 hivi. Kwa mwendo huo, mmoja anakuwa 512 ndani ya saa tatu.

Muuzaji ameyapima mbele yangu. Si yametosha?

Kile kipimo kinachoelea kinakusaidia kujua kama maziwa yameongezwa maji. Bakteria hakiwaoni.

Nichemshe kwa muda gani?

Viwandani hutosha nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15, au 63 kwa nusu saa. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi; bado ni joto la kutosha. Tatizo ni povu. Maziwa hupanda kabla hayajachemka sawasawa, na wengi huepua hapo hapo. Punguza moto, koroga, yaache yatokote dakika chache. Kisha funika, na usiyarudishe kwenye dumu lile lile.

Je, kuna kisichokufa kwa moto?

Kipo. Bakteria aitwaye stafilokokasi, anayetoka kwenye kiwele chenye ugonjwa au kidonda cha mkononi, akiachwa azaliane hutoa sumu isiyoharibiwa na kuchemsha. Matokeo yake ni kutapika ndani ya saa chache. Ndiyo maana maziwa yaliyozunguka juani hadi mchana, kisha yakakatika jikoni, ni ya kumwaga hata kama yanauma mfukoni. Mabaki ya antibiotiki nayo hayaondoki kwa kuchemsha: ng'ombe akichomwa sindano, maziwa yake yasiuzwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe.

Mtindi je? Wazee wetu waliunywa bila kuchemsha.

Na wapo waliougua homa za miezi bila kujua chanzo. Uchachu hupunguza baadhi ya bakteria, lakini brusela huweza kustahimili. Chemsha kwanza, acha yapoe yabaki vuguvugu, tia kijiko cha mtindi safi uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa.

Homa yangu inakuja na kuondoka, malaria haionekani.

Kama na jasho la usiku, viungo kuuma na uchovu vipo, mwambie daktari kwamba unakunywa maziwa mabichi, au kwamba umewahi kumzalisha ng'ombe kwa mikono mitupu. Asipojua hilo, ni rahisi homa hiyo kudhaniwa taifodi. Mjamzito asisubiri, kwa sababu brusela inaweza kuharibu mimba ya binadamu pia. Matibabu huwa ni dawa zaidi ya moja, kwa kawaida kwa wiki sita. Ukiziacha wiki ya pili kwa kuwa umepata nafuu, homa inaweza kurudi. Na waliokunywa maziwa ya ng'ombe huyo huyo nyumbani, hata kama hawaumwi, waambie nao wakapimwe.