"Andika Barua ya Kuacha Kazi au Tukufukuze": Yanayopaswa Kufahamika Kabla ya Kusaini

Malalamiko tunayopokea kuhusu jambo hili yanafanana mno, hata waajiri wakiwa tofauti. Mfanyakazi anaitwa ofisini ghafla. Mezani kuna karatasi na kalamu, wakati mwingine barua imeshachapwa na kinachosubiriwa ni saini tu. Anaambiwa achague: aandike barua ya kuacha kazi leo hii na aondoke na jina safi, au afukuzwe na asipate chochote. Hapewi nafasi ya kushauriana na mtu. Anasaini. Wiki kadhaa baadaye ndipo anakuja kuuliza kama ana haki yoyote, nasi tunalazimika kuanza na swali ambalo hakulitarajia: nani aliyekatisha ajira hiyo, mwajiri au wewe?

Swali hilo hubeba shauri zima. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), uliopitishwa mwaka 1982 na ambao misingi yake imo katika sheria za kazi za nchi nyingi, unahusu ajira inayokatishwa kwa hatua ya mwajiri. Aliyeacha kazi kwa hiari yake hayumo. Barua ya mistari mitatu inaweza basi kukutoa miongoni mwa wanaolindwa, na anayekuharakisha uiandike mara nyingi analijua hilo vizuri.

Hata hivyo, wanaoamua migogoro ya kazi hawaishii kwenye saini. Huangalia kilichotokea kabla yake. Mwaka 1972 nchini Uingereza liliamuliwa shauri la mpishi wa shule aliyeambiwa kazi yake imefika mwisho, kisha akatakiwa ajiuzulu mwenyewe. Ilionekana kwamba mtu anayeambiwa ajiuzulu la sivyo afukuzwe, kwa hakika amefukuzwa. Sheria ya kazi ya Afrika Kusini ya mwaka 1995 na ile ya Tanzania ya mwaka 2004 zinasema wazi kuwa mfanyakazi aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri amefanya kuendelea nayo kusivumilike, huyo ameachishwa. Mahakama za Kenya nazo zinautambua msimamo huo.

Lakini kuna mpaka, na mashauri mengi hufia hapo. Mwaka 1979, katika rufaa nyingine hukohuko Uingereza, tishio la kufukuzwa lilikuwepo kweli, ila mfanyakazi alikaa mezani, akajadiliana kuhusu malipo, akapata masharti yaliyomridhisha, ndipo akasaini. Ilionekana kwamba kilichomwondoa ni makubaliano, wala si tishio. Kwa hiyo ukidai ulilazimishwa, utaulizwa ulipewa nini, ulikijadili kwa muda gani, na fedha ulizipokea lini. Aliyepokea malipo ya kuondoka, akakaa miezi minane bila kusema neno, kisha akaja na hoja ya kulazimishwa, anatupa kazi ngumu ambayo angeweza kutuepusha nayo kwa barua moja tu iliyoandikwa mapema.

Si kila anayetajiwa kufukuzwa amelazimishwa. Hili tunalirudia kila siku na bado watu hawalikubali. Mwajiri ana haki ya kukukabidhi tuhuma kwa maandishi, kukutaka ujieleze, kukuita kwenye kikao cha nidhamu na kukujulisha kwamba tuhuma zikithibitika unaweza kufukuzwa. Hiyo ni taarifa, na kwa kweli anatakiwa akupe. Ukijiuzulu ili usifike kwenye kikao kilichoitishwa kihalali, usitarajie kusikilizwa kwa urahisi baadaye. Cha kutazama ni kama mlango wa kujitetea bado uko wazi. Mkataba namba 158, ibara ya 7, unataka mfanyakazi asiachishwe kwa sababu ya mwenendo wake au utendaji wake kabla ya kupewa nafasi ya kujibu tuhuma, isipokuwa pale ambapo mwajiri hawezi kutarajiwa kwa busara kuitoa nafasi hiyo. Pendekezo namba 166 la ILO, lililotolewa mwaka huohuo wa 1982 kama mwongozo, linaongeza kwamba anayejitetea awe na haki ya kusaidiwa na mtu mwingine, na kwamba utendaji hafifu utanguliwe na maelekezo, onyo la maandishi na muda wa kujirekebisha. Ukiambiwa uamuzi wa kukufukuza umeshapitishwa, kikao hakipo na tuhuma hazikuandikwa popote, hapo tunazungumzia shinikizo.

Vilevile, meneja mkali si sababu ya kutosha. Mwaka 1977 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, chini ya jaji Lord Denning, ilishughulikia shauri la mfanyakazi aliyesimamishwa siku 5 bila malipo, akaishiwa fedha, akaomba malipo ya likizo yake mapema na kisha mkopo, akakataliwa vyote, akaacha kazi ili alipwe fedha za likizo. Alishindwa. Mahakama ilisema haitoshi kuonyesha kuwa mwajiri hakuwa na huruma. Lazima mwajiri awe amevunja mkataba wa ajira katika jambo la msingi. Nchi nyingine zina vipimo vyao, lakini hakuna tunakojua ambako kuudhika peke yake kunatosha.

Tuje kwenye vitisho vyenyewe, maana watu wengi husaini kwa kuogopa mambo ambayo mwajiri hana uwezo nayo. "Hutapata chochote" ni kauli ya kuogofya tu kwa sehemu kubwa. Mshahara wa siku ulizofanya kazi ni wako hata ukifukuzwa kwa kosa zito, na kwa kawaida ndivyo ilivyo kwa likizo uliyoilimbikiza. Malipo ya notisi na kiinua mgongo ndiyo yanayoweza kupotea kwa kosa zito, kutegemea sheria ya nchi yako. Upande wa pili, wafanyakazi wanaodhani kujiuzulu kunafuta tuhuma wajue kwamba hakuzuii polisi kuchunguza wizi wala mwajiri kudai hasara mahakamani. Na kuhusu "jina safi", Pendekezo namba 166 linasema cheti cha utumishi kitaje tarehe ya kuanza, tarehe ya kuondoka na aina ya kazi, na kisiwe na neno lolote la kumharibia mfanyakazi. Ulizia sheria yako inasemaje kabla ya kuuza ajira yako kwa ahadi ya cheti unachostahili tayari.

Ukiwa ndani ya chumba hicho, huna wajibu wa kujibu papo hapo. Sema unahitaji muda wa kusoma na kupata ushauri. Omba tuhuma kwa maandishi, na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzako awepo. Usigombane, usitukane, wala usiondoke kazini kwa hasira, maana utoro utakuwa kosa jipya na safari hii litakuwa la kweli. Ukitoka tu, andika kumbukumbu: tarehe, saa, waliokuwepo, maneno yaliyotamkwa kadiri unavyoyakumbuka. Kisha mtumie mwajiri barua pepe fupi yenye adabu: "Katika kikao cha leo nilitakiwa niandike barua ya kuacha kazi, la sivyo nifukuzwe. Sina nia ya kuacha kazi. Kama kuna tuhuma dhidi yangu, niko tayari kuzijibu." Barua pepe hiyo ina nguvu kuliko mashahidi wengi, kwa kuwa iliandikwa kabla ya mgogoro kufika popote. Kuhusu kurekodi sauti kwa siri, tunashauri uulize kwanza: kuna nchi ambako ni kosa.

Kama umeshasaini, usikae kimya. Kwa kawaida barua ya kuacha kazi ikishapokelewa huwezi kuifuta bila mwajiri kukubali. Hata hivyo andika, siku hiyohiyo au kesho yake, kwamba ulisaini kwa kushinikizwa, taja nani alikwambia nini, na omba barua iondolewe. Akikataa, umeacha ushahidi kwamba hiari haikuwepo. Hapa ndipo maneno "kwa hiari yangu mwenyewe, bila kushurutishwa na mtu yeyote" yanapoumiza. Watu huyanakili kwa kudhani ni maneno ya kawaida ya barua. Mkataba namba 158 unataka mfanyakazi asibebeshwe peke yake mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ya kumwachisha haikuwa halali. Lakini aliyesaini barua huanza yeye kuthibitisha kwamba aliachishwa, na akishindwa hapo mwajiri hatafikia hatua ya kuulizwa sababu.

Sasa muda. Tanzania na Afrika Kusini, mgogoro wa kuachishwa kazi unapaswa kuwasilishwa ndani ya siku 30. Kenya, shauri la ajira hufunguliwa ndani ya miaka 3. Tofauti ni kubwa kiasi hicho, kwa hiyo usifuate alichofanya ndugu yako aliye nchi nyingine. Siku zinahesabiwa tangu ajira ilipokoma, na mazungumzo yenu ya kirafiki na ofisi ya rasilimali watu hayasimamishi hesabu. Ukichelewa, utaomba kwanza kuongezewa muda, kwa maandishi, ukieleza sababu za kuchelewa na ukigusa kipindi chote cha ucheleweshaji. "Sikujua sheria" husikika kila siku na mara chache sana hukubaliwa. Ukitaja ugonjwa, ambatisha karatasi za hospitali.

Fomu ya mgogoro ijazwe kikamilifu. Mahali pa kuandika aina ya mgogoro, eleza kwamba uliachishwa kwa kulazimishwa kujiuzulu. Ukiandika tu "madai ya mishahara", ndilo litakalosikilizwa. Jina la mwajiri liwe lile la kisheria, lililo kwenye mkataba au hati ya mshahara, wala si jina la duka au la meneja. Nakala apelekewe mwajiri, na uthibitisho kwamba ameipokea ubaki kwenye jalada. Mara nyingi hatua ya kwanza ni usuluhishi, na kwa kawaida yanayosemwa humo hayatumiki kama ushahidi baadaye, hivyo zungumza kwa uwazi. Msipoafikiana, mgogoro huenda kwa mwamuzi au mahakamani, ambako ushahidi hutolewa chini ya kiapo. Mlalamikaji asipofika bila taarifa, shauri linaweza kufutwa. Mwajiri asipofika, linaweza kusikilizwa bila yeye.

Ukishinda, unaweza kurudishwa kazini au kulipwa fidia. Kenya na Afrika Kusini, kikomo cha kawaida cha fidia ni mishahara ya miezi 12, na Afrika Kusini hufika miezi 24 pale mfanyakazi anapoachishwa kwa sababu kama ubaguzi au ujauzito. Ni kikomo, si kiwango cha uhakika. Wanaokuja wameshapiga hesabu ya miezi yote 12 kabla ya kusikilizwa hujiumiza bure.

Kwa waajiri: makubaliano ya kusitisha mkataba ni halali kabisa, mradi yaandikwe, kila malipo yatajwe, na mfanyakazi apewe siku za kutafakari na ruhusa ya kupata ushauri. Mwajiri mwenye sababu ya kweli haumizwi na kikao cha nidhamu. Barua iliyopatikana kwa kumfungia mtu ofisini inaweza kumgharimu kuliko utaratibu aliotaka kuukwepa.

Unapokuja kwetu, leta mkataba wa ajira, hati za mshahara za karibuni, nakala ya barua uliyosaini, na ujumbe wowote wa simu au barua pepe kabla na baada ya siku hiyo. Kama hukupewa nakala ya barua, iombe kwa maandishi na ulete ombi hilo. Usifute ujumbe wowote, hata ule unaohisi utakuharibia.