Kome wa Ziwa Victoria na samaki anayewalea

Wengi wetu tunamjua kome akiwa amekwisha kufa: magamba yake huokotwa kwenye fukwe za Ziwa Victoria, yakasagwa na kuchanganywa kwenye chakula cha kuku. Akiwa hai hujichimbia mchangani, akichuja maji na kula vijimea vidogo vilivyomo.

Ukitaka kumtambua, usitegemee rangi. Tope na umri huibadilisha. Suuza gamba tupu, kisha tazama bawaba, pale pande mbili zinapokutana. Kome wa jamii ya Coelatura ana gamba dogo lenye meno kwenye bawaba. Wa jamii ya Mutela ni mrefu, gamba lake jembamba, na meno ya namna hiyo hana. Wa jamii ya Etheria humkuti mchangani: amejigandisha kwenye mwamba, hasa penye maji ya kasi, na umbo lake hufuata mwamba wenyewe, hivyo hakuna wawili wanaofanana sawasawa.

Konokono ana gamba moja lililojisokota. Kome ana mawili. Kichocho huenezwa na konokono, si kome. Hata hivyo wanaishi ziwa moja, kwa hiyo okota magamba nchi kavu, usiingie majini kuyatafuta.

Linalonigusa zaidi ni malezi ya kome. Mwaka 1961 mtafiti Geoffrey Fryer alieleza maisha ya Mutela bourguignati: lava wake, yaani kome katika hatua ya kwanza baada ya yai, hujishikiza kwenye mwili wa samaki aitwaye kuyu, hupenyeza mirija katika nyama yake na kufyonza chakula humo, mpaka kome mchanga atakapokuwa tayari kujitegemea. Bila samaki huyo, kizazi kinakatika. Nasi tunamjua kuyu: hupanda mito kwenda kutaga. Nyavu zikiziba mdomo wa mto, anayekosa njia si kuyu peke yake. Kome wazima wanaweza kuendelea kuishi pale kwa muda, mtu akadhani mambo ni shwari, kumbe wachanga hawapo. Ndiyo maana tukikagua eneo tunatafuta wadogo kwanza.

Udongo unaosombwa kutoka mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni ni adui mwingine. Hufunika mchanga na kuwaziba pumzi.

Ukikuta kome hai, mwache mchangani. Ukipata gamba tupu, lipige picha nje na ndani, bawaba ionekane vizuri, andika jina la ufukwe na tarehe, kisha ipeleke kwa ofisa uvuvi wa eneo lako.