Je, wajua ilijulikanaje kwamba 2,147,483,647 haigawanyiki, kabla ya kompyuta?

Namba 2,147,483,647 ni tasa: hakuna namba inayoigawanya bila baki isipokuwa 1 na yenyewe. Aliyethibitisha hilo ni Leonhard Euler, mwanahisabati mzaliwa wa Uswisi, mwaka 1772 akiwa St. Petersburg, Urusi, wakati macho yake yameshapofuka karibu kabisa. Aliwezaje?

Njia ya kawaida ni kuigawanya kwa kila namba tasa hadi kufikia kipeuo chake cha pili, ambacho hakifiki 46,341. Tasa hizo ni karibu 4,800. Kwa mkono, hiyo ni kazi ya kukatisha tamaa.

Kilichomwokoa Euler ni umbo la namba yenyewe. Ni 2 kwa kipeo cha 31, ukatoa 1. Namba za umbo hili, kipeo kikiwa tasa, huwa na masharti makali: kila kigawo chake tasa, ukikipunguza 1, lazima kigawanyike kwa kipeo hicho. Tazama mfano mdogo. 2 kwa kipeo cha 11, toa 1, ni 2,047, sawa na 23 × 89. Toa 1 kwenye 23 upate 22. Toa 1 kwenye 89 upate 88. Zote mbili zinagawanyika kwa 11! Ni kwa sababu ukigawanya 2, 4, 8, 16 na kuendelea kwa 23, mabaki yanajirudia kila baada ya hatua 11, na Fermat, mwanahisabati Mfaransa aliyemtangulia Euler, alikwisha kuonyesha kwamba mzunguko wa namna hiyo lazima uingie kamili ndani ya 22, yaani 23 toa 1.

Kwa hiyo kigawo cha namba yetu, ambacho lazima kiwe witiri, ni kigawe cha 62 (yaani 31 × 2) ukiongeza 1. Kuna na sharti la pili: ukikigawanya kwa 8, baki lazima iwe 1 au 7. Unganisha masharti hayo, na ukigawanya kwa 248 baki ni 1 au 63 tu. Zinasalia namba zisizofika 400, na nyingi zinaanguka papo hapo: 249 inagawanyika kwa 3, 497 kwa 7, 559 kwa 13. Tasa ya kwanza ya kujaribu ni 311, nayo inaacha baki 35. Inayofuata ni 1,303. Huo ndio uzuri wa hoja hii: maelfu ya majaribio yamefutwa kabla hata ya kugawanya.

Leo namba hiyo ndiyo kikomo cha kompyuta zinazohesabu kwa biti 32 (tarakimu za 0 au 1), moja ikitumika kwa alama ya kujumlisha au kutoa. Zile zinazohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 zitaifikia tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Mifumo mipya hutumia biti 64, na kikomo chake ni 2 kwa kipeo cha 63, toa 1. Hicho si tasa: 63 inagawanyika kwa 3, hivyo kikomo chenyewe kinagawanyika kwa 2 × 2 × 2 toa 1, yaani 7.