Venice haifunikwi na maji msimu mzima wa baridi

Wengi huambiwa wasiende Venice, Italia, kati ya Oktoba na Januari kwa kuwa mji wote huwa umefunikwa na maji. Si kweli, na ushauri huo unawanyima watu miezi mizuri.

Maji hayo huja na kuondoka na bahari. Mtu wa pwani anayejua bamvua ataelewa upesi: bahari ikijaa sana, na upepo wa sirocco kutoka kusini-mashariki ukiyasukuma maji kuelekea ncha ya kaskazini ya Bahari ya Adriatiki, hupanda hadi mitaani. Saa chache baadaye hupwa. Uwanja wa San Marco, ulio chini kuliko sehemu nyingi za mji, hulowa kwanza. Mitaa mingine hubaki mikavu kabisa.

Ni kweli, tarehe 12 Novemba 2019 maji yalifika sentimita 187 kwa kipimo cha kujaa kwa bahari (si kina cha maji mitaani) na hasara ilikuwa kubwa mno. Lakini tangu Oktoba 2020, milango ya chuma ya mfumo wa kuzuia mafuriko uitwao MOSE huinuliwa kuzuia bahari pale maji makubwa yanapotabiriwa.

Kinachochosha hasa ni Julai na Agosti: joto, unyevunyevu, watu kubanana kwenye Daraja la Rialto, vyumba ghali. Kanivali nayo, sherehe ya kuvaa vinyago, mara nyingi Februari, hupandisha bei. Mimi ningechagua Novemba au mapema Desemba, nikifuatilia utabiri wa maji unaotolewa na manispaa, na buti za mpira zikiwa tayari begini.