Je, wajua kwa nini nyumba hunyonya gesi ya radoni kutoka ardhini?

Mwaka 1984, Stanley Watras, mhandisi kwenye kinu cha nyuklia cha Limerick huko Pennsylvania, Marekani, alipita kwenye mashine za kukagua mionzi zikapiga king'ora. Ajabu ni kwamba kinu kilikuwa bado hakijaanza kuzalisha umeme. Mionzi ile alitoka nayo nyumbani. Walipoipima nyumba yake, wakakuta radoni, gesi inayotoa mionzi, zaidi ya mara mia sita ya kiwango ambacho leo Marekani hushauri nyumba irekebishwe.

Radoni huzaliwa na urani iliyomo katika mawe na udongo karibu kila mahali. Haina rangi wala harufu. Ikitokea nje hutawanyika, basi. Ndani ya nyumba, hewa yenye joto hupanda na kutokea juu. Kanieneo, yaani msukumo wa hewa, ya chini ikipungua, hata kidogo tu, nyumba huanza kuvuta hewa ya udongoni kupitia nyufa za sakafu na matundu yanapopita mabomba. Mwenye kuivuta kwa miaka mingi yumo hatarini kupata saratani ya mapafu, na mvutaji sigara zaidi.

Usitegemee vipimo vya jirani: nyumba mbili zilizopakana zaweza kutofautiana sana. Kuna vikopo vya mkaa maalumu vinavyotoa jibu kwa siku chache, ila radoni hupanda na kushuka kufuata hali ya hewa na msimu. Mimi ningechagua kile kipande cha plastiki kinachoachwa chumbani miezi mitatu au zaidi. Chembe za alfa, yaani mionzi itokanayo na radoni, hukichubua. Maabara hukiloweka kwenye kemikali, makovu yakapanuka, yakahesabiwa kwa hadubini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza radoni isizidi bekereli (kizio cha kupimia mionzi) 100 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na pasipowezekana, zisizidi 300.

Kuziba nyufa peke yake hakutoshi, maana gesi hutafuta upenyo mwingine. Dawa hasa ni kuiwahi: sakafu hutobolewa, bomba likapitishwa hadi juu ya paa, na feni ikavuta hewa ya chini ya zege usiku na mchana. Feni hiyo hufungwa nje au darini, kamwe si sebuleni, kwa sababu bomba likivuja baada ya feni litaimwaga radoni yote ndani. Kisha pima tena.